Parokia, Wakfu na Kumbi ya Jando

Ng'ambo ya mto Ruvuma, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, ipo parokia ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ya Nangololo. Wamisionari Wamonfortani waliianzisha mwaka 1924. Tangu hapo imepoteza mapadri, waamini na matumizi ya kanisa lake mara mbili, na katika mara hizo mbili vita ndiyo iliyoifunga. Hakuna askofu aliyetia saini karatasi.

Mara ya kwanza ilianza Agosti 1964, padri Mholanzi wa misheni hiyo, Daniel Boormans, alipouawa na kundi ambalo Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilisema si lake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Septemba, Frelimo yenyewe ikafyatua risasi za kwanza za vita ya ukombozi, na Wamakonde kwa maelfu wakavuka mto kuja kwetu Mtwara. Mara ya pili ilikuwa 2020. Wapiganaji waliokuwa wakiusumbua mkoa huo wa Cabo Delgado tangu Oktoba 2017 waliivamia wilaya ya Muidumbe mwishoni mwa Oktoba, na kanisa la Nangololo likaharibiwa. Wiki mbili tu kabla ya hapo, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo hiyo hiyo. Kwa hiyo habari ya Nangololo haiwezi kusomwa Mtwara kama habari ya nje. Lugha ni moja, koo ni zile zile, na kivuko cha Kilambo hakijawahi kutenganisha ndugu zaidi ya foleni ya uhamiaji.

Nimeanza na Nangololo kwa sababu inaharibu swali lenyewe la parokia kufungwa au kuokolewa. Tukisema parokia fulani imeokolewa isifungwe, huwa tunafikiria jengo, askofu na waamini wanaolalamika. Nangololo haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo kwa namna tuliyoizoea, na bado watu wake wanajitaja kuwa wa parokia hiyo. Mwambao wa Mtwara, kuanzia Mikindani mpaka mlango wa Ruvuma, una mapokeo zaidi ya moja ya kushughulika na nyumba ya ibada inayotaka kufa, na Wakatoliki wakiyatazama yote wataona kwamba njia yao wenyewe wameichukua kwa majirani zaidi ya walivyoichukua Ulaya.

Sheria ya Kanisa Katoliki iko wazi kuhusu nani ana kalamu. Kanuni ya 515 inampa askofu wa jimbo mamlaka ya kuanzisha parokia, kuifuta au kuibadilisha, akishalisikiliza baraza lake la mapadri. Anatakiwa kulisikiliza, halazimiki kulifuata. Lakini kanuni hiyo hiyo, mwanzoni kabisa, inasema parokia ni jumuiya ya waamini. Jengo lina kanuni zake, na ili kanisa lililo zima ligeuzwe kuwa ukumbi au ghala, kanuni ya 1222 inadai sababu nzito. Parokia inaweza kufutwa na kanisa likabaki wazi kwa sala. Kanisa nalo linaweza kuungua na parokia ikaendelea. Wengi wanaolilia parokia yao hawajawahi kuelezwa tofauti hii. Hawajaelezwa pia kwamba anayepinga hati ya askofu ana siku 10 tu za kumwandikia aibatilishe, kabla ya kufikiria rufaa ya Roma, wala kwamba mwaka 2020 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mapadri ilitoa maelekezo yanayosema uhaba wa mapadri au hali mbaya ya fedha ya jimbo havitoshi, peke yake, kuwa sababu ya kufuta parokia. Ni maelekezo mazuri. Yanasomwa na watu wachache mno.

Huku Kusini hati za kufuta ni nadra. Habari tuliyoizoea ni ya kinyume: kigango, yaani tawi la parokia lisilo na padri wake, kupandishwa hadhi kuwa parokia, baada ya waamini kujenga kanisa, na mara nyingi kabla hata kanisa halijaezekwa, nyumba ya padri yenye choo cha ndani na tangi la maji. Ugomvi wa kufunga tunausikia kutoka mbali, na uliodumu kuliko mingi ni wa Scituate, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Jimbo Kuu la Boston, likiwa limetikiswa na kashfa ya mapadri waliodhulumu watoto iliyofichuka 2002, mahudhurio yakishuka na madeni yakipanda, lilitangaza mwaka 2004 kufunga parokia zaidi ya 60. Mojawapo ilikuwa ya Mtakatifu Frances Xavier Cabrini, Scituate. Tarehe 26 Oktoba 2004 waamini wakaingia kanisani mwao na kukataa kutoka. Walipangiana zamu, usiku na mchana, Krismasi na siku za theluji, ili jengo lisibaki tupu hata saa moja na mlango usije ukafungwa kwa ufunguo mpya. Walifika hadi mahakama za Vatikano, wakashindwa. Wakaenda mahakama za nchi yao, wakashindwa. Mei 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuwasikiliza, na mwisho wa mwezi huo wakatoka. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 11.

Siwezi kuwacheka. Miaka 11 ya zamu si mchezo, na hakuna parokia ninayoijua ambayo ingepata orodha ya kujaza hata mwaka mmoja. Lakini tazama walichokuwa wakifanya humo ndani. Hawakuwa na padri. Walei waliongoza sala, walisoma masomo, walitunza ratiba, walichanga fedha za umeme. Yaani kwa miaka yote waliyodai kurudishiwa parokia, walikuwa wakiishi kama kigango, na kigango kinachokwenda vizuri. Wao waliona ni hali ya muda ya kusubiri kilicho halisi. Mkatoliki wa kijiji cha pwani ya Ruvuma angeiona ni Jumapili ya kawaida.

Waislamu wa mwambao huu walikuwa na misikiti karne nyingi kabla ya kengele ya kwanza, na wao walilimaliza swali la kufunga kwa njia nyingine: walimnyang'anya kila mtu kalamu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Aliyeitoa hana tena haki nayo, na msimamizi wake ni mtunzaji tu. Bora zaidi ni ule utaratibu wa kuufungia msikiti chanzo cha riziki: minazi kadhaa, nyumba ya kupanga, duka moja sokoni, ambavyo pato lake ni la mikeka, mafuta ya taa na ukarabati. Zanzibar mambo haya yaliwekewa kamisheni ya serikali mwanzoni mwa karne ya 20, na Kamisheni ya Wakfu ipo hadi leo. Imamu si mtumishi aliyeletwa na ofisi ya mbali. Wenye msikiti wakimwona mtu ana elimu na mwenendo mzuri, humweka mbele yao, na akiondoka humweka mwingine. Misikiti ya bara, huko Newala na Masasi, ilienea hivyo hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa walimu wa vijijini na vijana waliorudi kutoka pwani, bila jumuiya ya kimisionari ya kulipa mishahara. Mwanahistoria Felicitas Becker ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, na ni kitabu kinachofaa kusomwa na Wakristo wa huko pia.

Hata hivyo wakfu una mpaka wake, na mpaka huo uko wazi kwa yeyote anayesafiri kwenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza karne ya 11 na kupanuliwa sana siku za utajiri wa dhahabu ya Sofala. Hakuna aliyeufunga. Biashara ilihama, watu wakapungua, na kilichobaki kinatunzwa kama urithi wa dunia tangu 1981. Wakfu unaizuia mikono ya muuzaji. Haumleti mtu wa kuswali. Wala haukuweza kuzuia ugomvi wa nani ni msimamizi: mwaka 1968 serikali ilipoipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya EAMWS na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, kuundwa, mali za jumuiya ile zilipewa chombo kipya, na manung'uniko ya hapo hayajaisha katika baadhi ya misikiti.

Sasa njoo kwenye mapokeo ya tatu, ambayo wahakiki wa mambo ya dini huyaweka pembeni kwa kuwa hayana jengo la kupiga picha. Kumbi ya jando, ambayo Wamakonde huiita likumbi, hujengwa porini kwa miti na nyasi, mbali kidogo na kijiji. Vijana hukaa humo mpaka vidonda vipone na mafunzo yakamilike. Huko hufundishwa nyimbo, miiko, heshima kwa wakubwa na mambo ya unyumba. Siku ya kutoka, kumbi huchomwa moto. Vijana huondoka na hutakiwa wasigeuke kutazama nyuma. Nyumbani wanangojewa kwa nguo mpya, ngoma na vinyago vya mapiko. Msimu mwingine, kumbi nyingine, mahali pengine.

Hii ni asasi inayoteketeza nyumba yake yenyewe kila mara, kwa makusudi, na imeishi kuliko misheni zote za mkoa. Imepita katika vita ya Maji Maji, katika vita mbili za Wazungu, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliyohamisha watu wakaacha mashamba, makaburi na nyumba za ibada nyuma yao. Leo vijana wengi hutahiriwa na mganga wa zahanati wakati wa likizo ya shule, na bado ngoma ya kuwatoa inapigwa. Kinachotakiwa ni watu wachache: ngariba, makungwi wanaokumbuka nyimbo, wazee wa kuruhusu, na wazazi wa kulipia chakula. Hawa wakiwapo, kumbi iko hata kama hakuna kijiti kilichosimikwa.

Waanglikana waliliona jambo hili mapema. Misheni yao ya UMCA iliingia Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walishambulia na kuharibu kijiji hicho, na kwa miaka kadhaa kituo kikuu kikahamia Newala, kwenye himaya ya chifu Matola. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliingiza jando ndani ya Kanisa: kumbi ileile, lakini yenye sala, msalaba na padri. Wenzake walimshambulia kwa hilo, na kuna Wamakonde na Wayao walioona ameipunguza nguvu. Mimi naona alielewa kitu ambacho wajenzi wa makanisa ya mawe walikuwa hawajakielewa, kwamba kama dini haiingii mahali ambapo mtu anafanywa kuwa mtu wa kwao, itabaki mgeni wa Jumapili.

Ukatoliki wa Kusini uliletwa na Wabenediktini wa St. Ottilien, na hao walikuwa watu wa kujenga. Waliweka misheni Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao muda mfupi baadaye. Maji Maji ilipozuka 1905, Askofu Cassian Spiss na watawa wanne aliokuwa nao njiani waliuawa mwezi Agosti karibu na Liwale, na kabla ya mwezi kwisha Lukuledi na Nyangao zote zilichomwa. Sista Walburga Diepolder akauawa katika kukimbia Nyangao. Ungedhani hapo ndipo mwisho. Mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, mahali penye maji mazuri chini ya uwanda, ambapo baadaye palikuwa na abasia, hospitali, kiwanda cha uchapaji na shule. Nyangao na Lukuledi nazo zikarudi. Masimulizi ya kimisionari hukueleza kurudi huko kwa ushujaa wa watawa, na ushujaa ulikuwapo. Ila mtu anayerudi kujenga juu ya majivu anahitaji kuwakuta watu wanaomngoja, na hao hawaandikwi majina katika masimulizi hayo.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyofanya jaribio ambalo mtafiti asingeweza kulipanga. Mwaka 1914 Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA na kuwaweka kizuizini bara. Parokia za Kianglikana za Masasi zikabaki bila Mzungu. Mwaka 1917 Waingereza wakawa wameichukua Kusini, na safari hii Wabenediktini Wajerumani ndio waliokamatwa na hatimaye kufukuzwa nchini. Nchi moja, vita moja, makanisa mawili yakafanywa yatima kwa zamu.

Hayakuwa yatima wa aina moja. Waanglikana tayari walikuwa na mapadri wao Waafrika. Cecil Majaliwa, aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa na misheni Zanzibar, alipelekwa Chitangali upande wa Newala mwaka 1886, akapadrishwa 1890, na kwa miaka mingi aliiongoza parokia ile bila Mzungu wa kumwangalia. Misheni hiyo hiyo ilimtoa pia padri Yohanna Abdallah, aliyeandika historia ya Wayao kwa Kiyao chenyewe. Kwa hiyo wamisionari walipokamatwa, altare za Masasi hazikuzimika. Wakatoliki hawakuwa na bahati hiyo. Mapadri wa kwanza Waafrika wa Kikatoliki wa Tanganyika walipadrishwa mwaka 1917 huko kanda ya Ziwa, mwisho mwingine wa nchi. Lindi na Ndanda hapakuwa na hata mmoja. Waliobaki ni makatekista. Hawakuweza kuadhimisha misa wala kuungamisha. Waliweza kubatiza anayekufa, kufundisha, kuzika, na kuwaita watu siku ya Jumapili.

Naamini parokia ya Kikatoliki ya Kusini, kwa umbo tunalolijua leo, ilizaliwa katika upungufu ule. Udhaifu wa Wakatoliki wa kutokuwa na mapadri wao uliwafundisha kugawa parokia vipande vidogo vinavyoweza kusimama bila padri. Miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walipotangaza jumuiya ndogo ndogo kuwa mpango wao wa kichungaji, vijiji vya huku vilipewa jina rasmi la kitu vilichokuwa navyo tayari. Ng'ambo ya mto ilikwenda hivyo hivyo. Serikali ya Frelimo ilitaifisha shule na hospitali za misheni mwaka 1975 na kuyafunga makanisa mengi miaka iliyofuata, na Kanisa la Msumbiji, katika mkutano wake wa Beira wa 1977, likaamua kujengwa juu ya jumuiya ndogo zinazoongozwa na walei. Lilikuwa halina la kufanya jingine, na hiyo haipunguzi busara ya uamuzi.

Anayetaka kuona jambo hili kwa karibu aende kigango chochote cha vijiji vya mwambao, Jumapili ambayo padri hafiki. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa bolti. Katekista amevaa koti juu ya kanzu. Anaongoza Ibada ya Neno, anahubiri kwa dakika ambazo kila mtu anaona ni nyingi, kisha anatangaza: jumuiya fulani zamu ya usafi, WAWATA wabaki, wasiolipa mchango wa bati wajitazame. Nje ya mlango ndipo uhai unapoonekana, kwenye mnada wa matoleo. Kuku mmoja, mkungu wa ndizi, kisado cha mbaazi, ndoo ya makopa. Mnadi ni kijana mwenye maneno. Kuku wa shilingi elfu kumi ananunuliwa elfu kumi na nane na mzee mmoja, ambaye anamrudisha mezani anadiwe tena, na safari ya pili anakwenda kwa elfu kumi na tano kwa mama aliyemleta. Mhasibu anaandika yote katika daftari la kaunta buku. Ukichoma kanisa lile usiku wa leo, Jumapili ijayo mnada utafanyika chini ya mwembe.

Kitu kimoja hakiwezi kufanyika chini ya mwembe, nacho ni kitabu cha ubatizo. Kinakaa parokiani, katika kabati la chuma kama lipo, na kila mstari una namba, jina, wazazi, msimamizi, tarehe, jina la mbatizaji, na nafasi pembeni ya kuandika kipaimara na ndoa. Kigango hakina kitabu hicho; kina daftari la katekista tu. Mkimbizi wa Cabo Delgado anayetaka kufunga ndoa Mtwara ataombwa cheti cha ubatizo, na kitabu chake huenda ni majivu. Hapo Kanisa lenyewe linainamia kumbi: kanuni ya 876 inasema tamko la shahidi mmoja wa kuaminika linatosha, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa mtu mzima. Msimamizi wake wa ubatizo akiwa hai, parokia yake bado ina kumbukumbu.

Mpaka hapa ningeweza kuonekana nasema kuta si kitu. Basi nenda Majengo, Mtwara mjini, uingie kanisa la Mtakatifu Paulo. Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani, alipaka ukuta wa mbele wote na zile za pembeni picha za Biblia za rangi nzito, kazi iliyomchukua kama miaka miwili. Amefanya hivyo pia Nyangao, Lindi na kwingineko Kusini, hata Dar es Salaam. Picha hizi ziko juu ya plasta. Hazivuki mto kwa mtumbwi, hazibebwi na katekista, hazirudiwi msimu ujao. Wanaosema kanisa ni watu, waambie wasimame mbele ya ukuta ule kwa nusu saa. Jengo kama hilo lingetishiwa kugeuzwa ghala la korosho, ningetaka watu wa Majengo wawe watu wa Scituate, wapangiane zamu, tena wapeleke barua ya kupinga ndani ya siku zile 10. Kumbi huweza kuchomwa kwa sababu imejengwa ili ichomwe. Ukuta wa Uehlein haukujengwa hivyo, na anayetumia lugha ya kumbi kuhalalisha kuupoteza anakwepa kazi.

Kinachoitishia parokia ya kijiji cha pwani leo ni fedha na vijana, na hivyo viwili vinakuja pamoja. Zaka ya mkoa huu inafuata korosho. Ikiuzwa vizuri mnadani, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008, Novemba na Desemba bati linapanda. Msimu ukiharibika, kama ule wa 2018 ambapo wakulima na wanunuzi hawakuafikiana bei, serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kuzibeba, na wakulima wengi wakasubiri malipo miezi, kapu la sadaka linajua kabla ya benki. Vijana nao wanakwenda Dar es Salaam. Parokia haitafutwa kwa hati. Itashindwa kumlisha padri, padri atahamishiwa penye watu, na itarudi kuwa kigango bila mtu kutangaza. Wengine huweka tumaini kwa mfadhili wa Ujerumani. Nyumba za kitawa za Ulaya nazo zinazeeka na kupungua, kwa hiyo tumaini hilo nalo lina umri wake.

Ndiyo maana nadhani Wakatoliki wa Mtwara wajifunze kwa majirani zao Waislamu kile kipande cha wakfu kinachofaa: kufunga chanzo cha riziki kwenye kituo kimoja na kumzuia yeyote asikihamishe. Kikwazo ni hati. Shamba linalotolewa kwa kigango, kisheria, huandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya jimbo, na jimbo likibanwa na deni, macho huanza kutazama viwanja. Askofu mzuri hatauza. Askofu wa tatu baada yake hatujui. Lakini Sheria ya Kanisa ina meno yake hapa na waamini hawayatumii. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa kusudi maalumu kitumike kwa kusudi hilo tu, na kanuni ya 121 inasema hata parokia zikiunganishwa, nia ya watoaji na waanzilishi iheshimiwe. Kinachokosekana ni nia hiyo kuandikwa. Mzee anasimama kanisani baada ya ibada, anasema "nawapa mikorosho yangu 20 ya kule bondeni," watu wanapiga vigelegele, na hakuna karatasi. Miaka 15 baadaye amekufa, watoto wake wanadai shamba, ofisi ya jimbo inasema ni la jimbo, na kigango kina vigelegele tu.

Karatasi hiyo haihitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mtoaji, mipaka ya shamba, idadi ya miti, kigango kinachopewa, kazi ya pato (mafuta ya pikipiki ya padri, posho ya katekista, bati), na sentensi isemayo mali isiuzwe wala kuhamishwa. Mkewe na watoto wake wakubwa watie saini wakiwa mashahidi, ili mgogoro wa mirathi ufe kabla haujazaliwa. Nakala moja kwa mwenyekiti wa kijiji, moja parokiani, moja jimboni ikiwa na muhuri wa kupokelewa, na moja ibaki kwa mhasibu wa kigango, ndani ya ile kaunta buku ya mnada.